Kofia ya Babu Haiendi kwa Dobi

Nimeambiwa mimi ni mshamba. Aliyeniambia ni mshikaji wangu, tena mwandishi mwenzangu, tena mbele ya kijiwe kizima, siku tuliyokutana kusomeana hadithi. Nilikuwa nimechelewa. Nilipoulizwa sababu nikasema kweli: nilikuwa nyumbani naipigia mvuke kofia ya marehemu babu. Watu wakacheka. Mwenzetu akaweka kikombe chini, akatoa hukumu: "Bwana wee, kila kazi na fundi wake. Wewe andika. Kofia mpe anayejua, mlipe, ulale usingizi. Huko kujifanyia kila kitu ni umaskini tu unaojiita falsafa."

Maneno matamu hayo. Hata mimi yangenikolea, kama si kwamba nilikuwa nimeshaufuata ushauri wake kabla hajanipa, na ulikuwa umenigharimu kitu ambacho hakirudi. Siku ile nilinyamaza. Ninamjibu hapa, kwa kalamu, kwa sababu najua wengi mnaosoma kurasa hizi mko upande wake. Nasema hivi: kofia ya zamani ya babu yako, ile pama iliyokaa juu ya kabati ikila vumbi, itengeneze mwenyewe, nyumbani kwenu, kwa mikono yako. Usimpe mtu wa kaunta. Na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tujue tunabishania nini. Wengi wetu tunazinunua pama pale Karume kwa ajili ya picha na mikogo, lakini hatujui tumevaa nini. Pama ya kweli haikufumwa kwa uzi wala haikushonwa. Ni felti, yaani manyoya ya sungura au pamba ya kondoo, na zile za bei mbaya manyoya ya mnyama wa majini aitwaye biva. Kila unywele una magamba madogo sana, yamepangana kama vigae vya paa. Manyoya yakipata maji, joto na msuguano, magamba yanashikana, kila unywele unausukuma mwenzake, mwisho vinakuwa kitu kimoja. Vikishashikana haviachani tena. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kofia hii akili yake yote iko kwenye nywele.

Baada ya hapo felti huvalishwa kwenye kalibu ya mti yenye umbo la kichwa, ikapigwa mvuke na kuvutwa mpaka itii. Ukingo hukazwa kwa gundi ya sheleki, ile ile ambayo maseremala huiyeyusha katika spiriti ili kung'arisha samani. Ndani hushonwa mkanda wa ngozi, nje hufungwa utepe. Giuseppe Borsalino alianza kazi hiyo Alessandria, Italia, mwaka 1857; John B. Stetson akaanza yake Philadelphia mwaka 1865. Kutoka viwanda vya namna hiyo, pama zilivuka bahari zikafika mpaka vichwani mwa makarani, walimu na makatekista wa kwetu.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani wa reli, Tabora. Pama yake, ya kijivu yenye utepe mweusi, aliinunua mwaka 1958 katika duka la Mhindi kwa mshahara ambao, kwa maneno yake, "ulikuwa bado una adabu." Aliivaa kwenda kazini, kwenda msibani, kwenda kupiga kura. Sisi wajukuu tulikuwa tunajua Babu yuko nyumbani kwa kuiangalia ile kofia kwenye msumari. Alipofariki, mwaka 2023, wazee walikaa wakaamua kwamba kofia apewe mjukuu aliyebeba jina lake. Mjukuu huyo ni mimi. Nilitakiwa kuivaa siku ya arobaini, mbele ya ukoo mzima.

Nikaitazama. Ilikuwa na vumbi la miaka, doa la mafuta upande wa kulia pale alipozoea kuishika, na ukingo umelala kama sikio la mbwa. Nikaona aibu kuivaa vile. Nikafanya kile ambacho mwenzetu anakiita ustaarabu: nikaipeleka mjini, kwa dobi mmoja wa mashine, duka lenye vioo na kipoza hewa, nikapewa risiti, nikaambiwa njoo Ijumaa. Shilingi elfu kumi na tano. Nikalala usingizi, naam, kama alivyosema.

Ijumaa nikaikuta safi, imo ndani ya mfuko wa nailoni. Na ilikuwa imesinyaa. Nilipoipachika kichwani ikakaa juu kama kifuniko cha chungu. Yule kijana wa kaunta, mpole kabisa, akaniambia, "Kaka, kofia za zamani ndivyo zilivyo." Sikuwa na la kujibu kwa sababu sikujua lolote. Nikabeba mfuko wangu.

Nyumbani Bibi aliipokea, akaigeuza, akapitisha kidole ndani ya mkanda wa ngozi, akazungusha mpaka mwisho. Kisha akaniangalia.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "karatasi ziko wapi?"

"Karatasi gani, Bibi?"

"Karatasi zake."

Ndipo nikajua. Siku Babu alipoinunua kofia ile, saizi yake haikuwepo dukani. Akachukua kubwa, akakunja karatasi akaichomeka nyuma ya mkanda wa ngozi ili isimcheze. Miaka ikaenda, nywele zikapungua, mwili ukakonda, kila kofia ilipoanza kulegea akawa anaongeza karatasi nyingine. Bibi alimwona akifanya hivyo tangu walipooana. Zilikuwa karatasi gani? Bibi hajui kusoma. "Zilikuwa zimeandikwa," alisema, "nyingine mwandiko wake mwenyewe." Barua? Hesabu za stesheni? Stakabadhi? Nilirudi kule dukani mbio. Wakaniambia vitu vinavyokutwa ndani ya nguo, kama si fedha, hutupwa. Ni uchafu.

Sasa nimjibu mwenzangu.

Yeye anasema kila kazi na fundi wake. Sawa. Lakini fundi wa kofia yuko wapi? Nilizunguka. Nilikwenda kwa mafundi cherehani, wakaniambia wao ni watu wa vitambaa. Nilikwenda kwa fundi viatu, akaishika ngozi ya ndani kwa heshima akasema hii naijua, hayo manyoya siyajui. Huyo namsifu, kwa kuwa alijua mpaka wake. Katika mizunguko yangu yote sikumpata mtu hata mmoja mwenye kalibu ya mti. Kwa hiyo ule uchaguzi tunaowekewa, ama uharibu mwenyewe nyumbani ama umpe mtaalamu, ni longolongo. Tuliyewekewa mbele yetu ni mtu mwenye kaunta, mashine na risiti, ambaye kuhusu felti anabahatisha kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye anabahatisha kwa fedha yangu, juu ya kofia ya babu yangu. Tumezoea kudhani anayelipwa ndiye anayejua. Kuna wanaojua wasiolipwa, na wapo wengi tu wanaolipwa wasiojua.

Atasema: wako wataalamu wa kweli duniani. Wako, na mimi siwakatai. Ulaya na Marekani bado wapo mafundi wenye kalibu za kila saizi, wanaoweza kuifumua kofia, kubadili ngozi, kuisimamisha upya mpaka ukadhani imetoka dukani. Kama unaishi jirani na mtu wa namna hiyo, mpelekee, na ukiweza omba ukae umtazame. Ila usinitajie fundi wa ng'ambo kunizuia nisiguse kofia ya Tabora.

Atasema tena: nyumbani mnaharibu. Kweli, tunaharibu. Mjomba wangu mmoja wa Tanga alinunua pama nzuri ya mtumba, akaifua kama anavyofua kofia yake ya viua ya Ijumaa: maji ya moto, sabuni, akaisugua, akaitia kanji, akaianika juani. Kofia ya viua ni kitambaa cha pamba, inavumilia hayo yote na kutoka imenyooka. Pama ikatoka inamtosha mtoto wa chekechea. Maji ya moto na kusugua ndiyo yale yale yaliyoifanya iwe felti kiwandani. Mjomba aliiendeleza kazi ya kiwanda bila kujua. Lakini mjomba alikosa maarifa ya nusu saa tu, na mtu haajiri mtaalamu kwa kukosa maarifa ya nusu saa. Anauliza, anasoma, anajaribu kwanza kwenye kofia ya mtumba ya bei chee.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Nilibakiwa na siku kumi na tisa kabla ya arobaini. Nikanunua Karume pama mbovu ya kujifunzia, nikaitesa hiyo kwanza. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa faida ya mwenye kabati lenye pama.

Vumbi hutolewa kwa brashi laini ya nywele, ukifuata mlalo wa manyoya, usipingane nao. Pasipofikika, chukua mkate mweupe uliolala, toa ganda, finyanga kipande, gusagusa juu ya doa. Unanasa uchafu kama ufutio wa penseli. Doa la mafuta nyunyizia poda au unga wa mahindi laini sana, acha usiku kucha unyonye, asubuhi piga brashi, rudia. Doa la Babu lilipungua kwa siku nne. Halikwisha, na sikutaka liishe.

Ukingo uliolala unarudishwa kwa mvuke wa birika. Ishike kofia mbali kidogo na mdomo wa birika, izungushe, usiache mvuke ukakaa mahali pamoja. Joto linalainisha ile sheleki, felti inakuwa mtiifu mkononi kwa dakika moja hivi. Hapo unaunyoosha, unaushikilia, unaacha upoe. Usiwe na pupa. Ukiilowesha chepechepe umeshaharibu.

Kuipanua iliyosinyaa ndiko kulikonitoa jasho. Sina kalibu. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima ndani ya kofia: sentimita 56. Kichwa changu ni 58. Nikatafuta jikoni kwa Bibi kitu cha mviringo, nikapata sufuria ya upana wa sentimita 18, ambayo mzingo wake ni kama 56 na nusu. Lakini kichwa cha mtu si duara, ni yai. Nikakunja vipande vya kanga kuukuu nikavipachika mbele na nyuma ya sufuria, nikazungushia kanga nyingine nzima, nikapima tena. Nikaipiga kofia mvuke, nikaivalisha sufuria, nikaivuta kwa viganja, polepole, kwa kuzunguka, nikaiacha usiku mzima. Siku ya kwanza ikatoa nusu sentimita. Nikaongeza kanga. Usiku wa nne ilifika 58. Mkanda wa ngozi niliugeuza nje wakati wa kukausha, kwa sababu ngozi ikikaukia ndani inasinyaa na kuivuta kofia yote. Kivulini, si juani. Na ukimaliza, pama ikae chali, utosi chini, au kwenye kitu cha mviringo. Msumari unaitoboa roho, na kuilaza kwa ukingo kunaukunja.

Kuna mambo ambayo nyumbani hayafanyiki, na sitawadanganya. Nondo wakishatoboa felti tundu la kupitisha mwanga, hapana mvuke utakaoliziba. Funza wa nondo hula manyoya, basi zuia mapema: piga brashi mara kwa mara, na kofia usiyoiamini ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ikae kwenye friza majuma mawili. Sisi wa pwani tuna adui wa pili, koga. Kofia inataka hewa, haitaki kufungiwa kabatini wakati wa masika.

Na liko jambo kubwa zaidi. Zamani viwandani manyoya yalilainishwa kwa dawa ya zebaki ili yashikane upesi. Wafanyakazi waliivuta sumu ile mpaka wakatetemeka mikono na kuvurugika akili. Kule Danbury, mji wa kofia huko Marekani, mtetemeko huo ulibandikwa jina la mji. Marekani ilikomesha matumizi hayo mwaka 1941. Zebaki inaweza kuwa bado imo ndani ya felti za enzi zile, ndiyo maana wahifadhi wa majumba ya makumbusho huzipima kabla ya kuzishika. Kwa hiyo pama kongwe unayoshuku kuwa imetengenezwa kwa zebaki, usiipigie mvuke kabisa. Ifute vumbi nje penye upepo, mikono imevaa glovu, uitundike uitazame. Hapo ndipo ninapokubaliana na mwenzetu: iko mipaka. Ila mpaka huo nimeujua kwa kujitia kwenye kazi. Kule kaunta hakuna aliyeniuliza kofia ni ya mwaka gani.

Hoja yake ya mwisho ndiyo iliyowafurahisha watu kijiweni: mwandishi hana muda wa mambo hayo. Hii ndiyo inayoniuma.

Zile jioni nilizokaa uani na brashi, Bibi alikuwa pembeni yangu anachambua mchele. Kofia ilikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo mazungumzo yalikwenda kwa mwenye kofia. Alinisimulia usiku ambao treni ilichelewa siku mbili kwa mafuriko na Babu akalala stesheni na abiria, akakataa kurudi nyumbani. Alinisimulia ugomvi wao wa kwanza. Alinionyesha pale kwenye ukingo, upande wa kushoto, palipokunjika: ni pale alipoikalia yeye mwenyewe siku ya harusi ya binti yao, na Babu akaivaa hivyo hivyo, imepinda, siku nzima, asimwaibishe. Mimi nilikuwa naelekea kuunyoosha mkunjo ule kwa mvuke. Nikauacha. Dobi angejuaje? Hata fundi wa Alessandria angejuaje? Angeunyoosha, tena vizuri sana, na ningemlipa, na ningeshukuru.

Kitanda usicholala hujui kunguni wake. Mgeni akikipokea kitu chako anaona uchafu na umbo. Hana kosa, ndiyo kazi anayolipwa. Lakini katika kofia ya babu yako, nani atakuambia lipi doa na lipi kumbukumbu, ipi takataka na ipi barua? Lazima awe mtu wa nyumba ile. Mimi sikukaa na kofia hata saa moja kabla ya kuikabidhi. Sikuchungulia hata nyuma ya ngozi. Nilitaka iwe safi, na nilitaka isinisumbue. Karatasi za miaka sitini na tano zikaishia kwenye ndoo ya taka ya duka, na mimi ndiye ninayejiita mwandishi.

Halafu tunakutana Jumamosi tunalalamika kwamba hatuna cha kuandika, kwamba hadithi zote ziko Nairobi na London! Vijana wenzangu, hadithi zinapita kaunta, tunazilipia nauli.

Siku ya arobaini ilifika. Baba mkubwa aliishika kofia kwa mikono miwili, akanivisha mbele za watu. Ilinienea sawasawa, bila karatasi. Bibi alinitazama kwa muda mrefu.

"Imekukaa," akasema. Kisha akaongeza, kama anayejisemea mwenyewe: "Yeye ilikuwa inamcheza kidogo."

Basi mshikaji wangu, jibu langu ndilo hilo. Ukiona nimekosea, kurasa ziko wazi, nawe kalamu unayo. Ila kabla hujaandika, nenda nyumbani kwenu, panda juu ya kiti, ishushe ile pama ya babu yako. Geuza ngozi ya ndani. Pitisha kidole, zungusha mpaka mwisho. Ukishajua kuna nini, ndipo uje tubishane habari za mafundi.